Mkono wa Mpishi

Kila Jumatano, siku ambayo shule za msingi hufungwa, Ludivine hunywa kahawa yake bila haraka. Siku nyingine huinywa amesimama, jicho moja kwenye saa ya ukutani, kwa kuwa saa moja kamili lazima awe jikoni kwenye kantini ya shule akimenya karoti za watoto tisini na wawili. Jumatano ni yake. Huimimina kahawa kwenye bakuli, huongeza maziwa ya moto, hukata kipande kirefu cha mkate na kukipaka siagi hadi kwenye kingo. Kisha hukichovya, husubiri siagi ianze kuyeyuka na kuelea juu ya kahawa kama macho madogo ya dhahabu, ndipo huinama na kula.

Jumatano hiyo ya Oktoba mkate ulikuwa umezama nusu pale honi ilipolia chini ya dirisha. Ililia mara tatu fupi, kisha moja ndefu kama ya msafara wa harusi. Ludivine akashtuka. Mkate ukakatika, nusu ikatumbukia bakulini na kumrushia kahawa kifuani.

“Ludi! Wee Ludi! Vaa viatu!”

Hakuhitaji kuchungulia ili ajue ni nani. Bertille alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio upande wa pili wa shamba la mizabibu. Hata hivyo Ludivine alifungua dirisha. Chini barabarani lilisimama gari la Gaëtan, lile la njano lililokuwa la kusambazia barua kabla halijazeeka na kuuzwa. Gaëtan mwenyewe alikuwa ameegemea usukani akipiga miayo. Bertille alisimama katikati ya njia, skafu nyekundu shingoni, mikono kiunoni.

“Tunakwenda wapi?” Ludivine aliuliza kwa sauti ya chini, maana majirani walikuwa bado wamelala.

“Kula!” Bertille akajibu, na kama kulikuwa na jirani aliyekuwa bado usingizini, akaamka. “Kula na kufanya kazi. Siagi, jibini, kuku. Lazima tujue nani atatuletea nini. Keshokutwa tunatia saini, na mpishi wetu bado yuko na nguo ya kulalia, jamani!”

“Mwambie aje na kisu chake,” Gaëtan akasema kutoka garini. “Mimi nina njaa tangu jana.”

“Wewe una njaa tangu uzaliwe.”

Ludivine alifunga dirisha taratibu. Maneno yale, mpishi wetu, yalimkaa tumboni kabla chakula chochote hakijaingia.

Walijuana tangu wakiwa na miaka kumi na mmoja, walipokalishwa pamoja mstari wa nyuma darasani, na sasa walikuwa na thelathini na mitatu. Bertille aliuza divai kwenye ghala la mkulima mmoja huko Arbois. Gaëtan alipeleka barua. Ludivine alipika shuleni. Mwezi Agosti, siku ya kuzaliwa ya Bertille, Ludivine alipika sungura kwa haradali, na watu wakafuta mchuzi kwa mkate hadi sufuria ikang'aa. Bertille akasimama na glasi yake, machozi yakimlengalenga, akatangaza kwamba wao watatu watafungua mgahawa: yeye kwenye divai, Gaëtan mezani, Ludi jikoni. Watu wakapiga makofi. Wote wakamgeukia Ludivine, aliyekuwa na aproni iliyolowa na uso mwekundu, naye akasema, “Lingekuwa jambo zuri,” kama mtu asemavyo kuhusu kwenda mwezini. Bertille akamkumbatia. Basi, ikawa.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda mbio. Duka la zamani la mtengeneza matandiko ya farasi likapatikana kando ya uwanja wa mji. Bertille akamuaga mwajiri wake, kwamba mwisho wa mwaka anaondoka. Ijumaa walikuwa na miadi kwa wakili wa mikataba. Na hakuna aliyemwuliza Ludivine tena, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba hakuwahi kujibu.

Yeye alikumbuka. Ile hapana yake alikuwa nayo tangu Agosti. Kila alipotaka kuitoa aliona jinsi macho ya Bertille yalivyong'aa, akaimeza. Hakutaka mgahawa. Alitaka kubaki kantini. Jambo lenyewe lilikuwa dogo na la wazi, na bado halikutoka.

“Leo,” alijiambia akifunga kamba za viatu. “Kabla hatujarudi nyumbani.”

Walianzia kwenye kiwanda kidogo cha maziwa cha ushirika, ambako wafugaji walikuwa wamekwisha kuleta maziwa ya alfajiri na sakafu ilikuwa bado inachuruzika maji. Mwuzaji, mwanamke mnene aitwaye Jocelyne, alikuwa na mlima wa siagi mbele yake, akiukata kwa waya. Alimpa kila mmoja kipande juu ya mkate. Bertille alifumba macho.

“Toba,” akasema. “Mtu akinipa hii kila siku, sitaki tena mume.”

“Kwani yupo huyo mume?” Gaëtan akauliza.

“Hayupo. Ndiyo maana nahitaji siagi.”

Jocelyne alicheka hadi waya ukamponyoka. Ludivine aliiacha siagi ikae ulimini. Ilikuwa na ladha ya majani mabichi, na chumvi kidogo tu mwishoni. Akajikuta anauliza, “Mnaweza kuikata vipande vidogo? Vya ukubwa wa kidole gumba, kama tisini hivi?”

“Vya nini, dada?”

“Vya figili. Mtu anachovya figili kwenye siagi, kisha kwenye chumvi. Kila mmoja akiwa na siagi yake, hawagombani.”

“Mmemsikia?” Bertille akampiga begani. “Hata meza hatujanunua, mwenzenu ameshapanga chakula cha kufungulia! Huyu si mtu wa kawaida huyu.”

Hakuna aliyeuliza ni nani hao ambao wangegombana.

Walinunua siagi, na kipande cha jibini laini lenye mishipa ya bluu, wakaondoka. Barabara ilipanda kati ya misitu iliyoanza kupata rangi ya kutu. Ludivine alikaa nyuma, kikapu miguuni. Aliacha kona tatu zipite, akavuta pumzi.

“Bertille,” akasema. “Kuna kitu nilitaka...”

Bertille aligeuka mara moja, mkononi ana kipande cha mkate chenye siagi unene wa kidole. “Fungua mdomo.”

“Lakini nilitaka...”

“Fungua!”

Akafungua. Siagi nzuri ina ubaya huo: huwezi kusema nayo mdomoni. Alipomaliza kumeza, gari lilikuwa limesimama mbele ya ghala la jibini na Bertille alikuwa ameshashuka.

Ghala hilo lilikuwa limechimbwa ndani ya kilima. Mlinzi wake alikuwa Bwana Vuillemin, mzee mfupi mwenye koti jeupe na mikono mikubwa, ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kulea jibini hadi likomae. Aliwatangulia kwenye ujia mrefu wa baridi. Pande zote mbili, mbao za msonobari zilibeba magurudumu ya jibini hadi karibu na dari, kila moja zito kama mtoto anayekaribia kubaleghe. Hewa iliwasha pua kidogo, kisha ikanukia kama vitunguu vinavyoanza kuiva kwenye siagi.

Mzee alikuwa na chombo cha chuma cha kukaa kiganjani, upande mmoja nyundo, upande mwingine bomba jembamba lenye ncha. Aligonga jibini moja, sikio karibu. Akagonga tena mahali pengine.

“Unasikia nini, mzee?” Gaëtan akanong'ona, kana kwamba wako kanisani.

“Nasikia kama lina ufa ndani. Lenye ufa huitika kama mlango ambao haukufungwa vizuri. Hili limeshiba.”

Akageuza chombo, akachoma ubavuni, akazungusha na kutoa kijiti chembamba cha jibini. Aliwamegea kila mmoja kidogo. Ncha iliyobaki akairudisha kwenye tundu na kuisawazisha kwa kidole gumba, hata usingejua kama palikuwa na tundu.

“La kiangazi,” Ludivine akasema kabla hajatia mdomoni.

“Umejuaje?”

“Rangi. Ng'ombe walikuwa nje, wamekula majani na maua. La majira ya baridi huwa jeupe zaidi, maana wanakula nyasi kavu ndani.”

Bwana Vuillemin akamtazama upya. “Wewe ndiye mpishi.”

“Ndiye!” Bertille akadakia. Kisha baridi ikamshinda, akarudi mlangoni na Gaëtan kuzungumza na binti wa mzee kuhusu siku za kuletewa mzigo.

Ludivine alibaki peke yake na mzee. Kwa watu asiowajua ilikuwa rahisi zaidi kusema, sijui kwa nini.

“Bwana Vuillemin, una jibini la mtu ambaye bado hajazoea? Mtu wa miaka sita, tuseme.”

Mzee alishusha nyundo. “Miaka sita?”

“Ndiyo. Na wengine wana tisa, kumi. Lakini huyo wa miaka sita ndiye mgumu.”

“Binti yangu,” mzee akasema, “watu huja hapa kuniomba la miaka mitatu, linalouma ulimi, wakajisifu nalo mbele ya wageni. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniomba la mtoto. Njoo.”

Wakaenda kutoka ubao hadi ubao. Mzee aligonga, akachoma, akatoa. Moja lilikuwa kali mno mwishoni. Jingine lilikuwa zuri lakini gumu kwa mtu aliyeng'oka meno ya mbele. La tano, la miezi minane tu, lilikuwa na ladha ya maziwa ya moto, kisha, baada ya kumeza, kitu kama njugu za kukaanga.

“Hili halimtishi mtu,” Ludivine akasema.

“Na halimdanganyi. Ni jibini kweli.”

Wakaanza kujadili namna ya kulikata, kama litolewe kwenye baridi saa nzima kabla ya kuliwa au nusu saa, kama ngozi iachwe au itolewe. Kutoka mlangoni Bertille aliwaona vichwa vyao vimeinamiana juu ya ubao.

“Mwone anavyochagua,” akamwambia Gaëtan kwa fahari. “Hapo anatengeneza sahani ya jibini ya mgahawa wetu. Usimsumbue.”

Gaëtan hakumsumbua. Ila alipotazama saa mara ya pili, rangi ilimtoka.

“Jamani! Saa saba kasorobo! Nafasi tuliweka ya saa sita na nusu!”

Watatu wote walikuwa wamezaliwa wakijua kwamba jiko la nyumba ya wageni kijijini hufungwa saa saba na nusu, na kwamba halifunguliwi tena hata akija askofu. Walijua pia kwamba kutoka ghalani hadi huko ni nusu saa, trekta lisipotokea mbele yako. Trekta lilitokea. Lilikuwa na tela la viazisukari, na dereva wake alikuwa anafurahia mandhari. Gaëtan hakupiga honi, kwa sababu dereva yule alikuwa mtu anayempelekea barua.

Walifika saa nane kasoro dakika kumi. Mwenye nyumba, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwakuta mlangoni.

“Jiko limefungwa.”

“Mama, tuliweka nafasi,” Gaëtan akasema kwa sauti yake tamu kabisa, ile anayoitumia kwa mbwa wakali.

“Mliweka ya saa sita na nusu. Saa sita na nusu niliwangoja. Saa saba niliwangoja. Saa saba na nusu mpishi kazima moto.”

“Hata supu?”

“Hata supu, bwana. Kahawa ninayo.”

Nyuma yake sinia lilipita kuelekea meza ya mwisho: kuku kwenye divai ya njano, krimu na uyoga wa porini. Gaëtan aliusindikiza moshi wake kwa macho kama mtu anayemsindikiza ndugu stesheni.

“Haya mambo kwetu hayatakuwepo,” Bertille akafoka walipotoka. “Mtu akija na njaa, anakula. Saa tisa, saa kumi, anakula!”

“Na mpishi?” Ludivine akauliza.

“Mpishi nini?”

“Mpishi naye ana miguu. Saa saba na nusu anakuwa amesimama tangu alfajiri.”

“Wewe umekuwa mtetezi wa yule mama?” Bertille akamwangalia kwa mshangao. “Halafu, samahani, sina ugomvi, nauliza tu: nani aliyekaa saa nzima anapiga soga na majibini?”

“Mimi,” Ludivine akakiri.

“Basi nitakula wewe,” Gaëtan akasema, “ukikosekana mkate.”

Mkate haukukosekana. Mwisho wa kijiji palikuwa na mabirika ya zamani ya kufulia, yenye paa la vigae na maji ya chemchemi yanayopita bila kukoma, nao wakaketi kwenye ukingo wa jiwe, jua likiwafikia magotini. Walikuwa na mkate, siagi ya Jocelyne, jibini la mzee, lile la bluu, tufaha tatu na chupa ya divai nyeupe ambayo Bertille aliiteremsha majini kwa skafu yake ili ipoe. Walikula wakipokezana kisu. Njaa ilikuwa imewafanya wapole.

Kisha Gaëtan akavuta kipande cha jibini la bluu, kilichokuwa na umbo la pembetatu, akaikata ncha yote kwa mpigo mmoja.

“Gaëtan!” Ludivine akampiga mkono. “Umeikata pua!”

“Nimekata jibini.”

“Umechukua katikati yote, pale penye utamu, sisi umetuachia ngozi. Mama yako akikuona! Unaanzia nchani, unakwenda nalo hadi ukingoni, kila mtu apate kidogo cha ndani na kidogo cha nje. Kwangu watoto wa miaka sita wanajua.”

“Watoto wako wana mwalimu mkali.”

“Hawana haja ya ukali. Nawawekea sahani moja ya watu sita, wanakata wenyewe, aliyekata anachukua wa mwisho. Utashangaa wanavyokata sawa.” Ludivine alikuwa ameshika kisu na kuanza kukitengeneza upya kile kipande. Sauti yake ilikuwa imefunguka bila yeye kujua. “Kuna mmoja anaitwa Naïla. Mwaka jana wote jibini lake alikuwa analitia kwenye mfuko wa koti. Mama yake aliligundua kwa harufu, mwezi Machi. Nikamwambia Naïla, kwangu huruhusiwi kusema kichefuchefu. Unaruhusiwa kutopenda, lakini onja kidogo, kisha uniambie linafanana na nini. Akaonja. Akafikiri weee, akaniambia, linafanana na ukuta.”

Bertille alicheka hadi akajishika mbavu. “Ukuta!”

“Mwezi uliofuata akasema, ukuta wenye jua. Mwezi huu ameniomba kipande cha pili. Nami nikamwaza yeye pale ghalani, yule mzee...”

“Ludi, Ludi.” Bertille alifuta macho, akamwekea mkono gotini. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. “Ndiyo maana nataka nikutoe pale. Mikono kama hii, ulimi kama huu, unavipoteza kwa watoto wanaosema chakula kinafanana na ukuta. Ijumaa yanakwisha hayo. Nakuahidi.”

Maji yalipita. Ludivine alitazama kisu. Neno lilikuwa pale pale, limefika kwenye meno.

“Mimi sioni kama...” akaanza.

“Kama nini?” Gaëtan akauliza. Alikuwa ameacha kutafuna.

Bertille alikuwa anamtazama huku akitabasamu, uso mzima umeelekezwa kwake kama alizeti.

“Kama mkate utatosha,” Ludivine akamalizia.

“Umebaki,” Gaëtan akasema polepole. Alimpa kipande, lakini macho hakuyaondoa.

Waliteremka kutoka milimani hadi Bresse, ambako ardhi hulala bapa na mabwawa hung'aa kati ya mashamba ya mahindi. Garini Bertille aliimba. Ludivine alitazama nje, akijidharau kimyakimya. Kilikuwa kimebaki kituo kimoja.

Kituo hicho kilikuwa shamba la Bi Perraudin, mama wa miaka sabini na ushee, mfupi, mabuti miguuni, nywele amezibana kwa kibanio cha kuanikia nguo. Kuku wake walitembea kwenye nyasi kama wenye mali: weupe, upanga mwekundu kichwani, miguu ya bluu.

“Bendera nzima ya taifa,” Gaëtan akasema.

“Utani huo nimeusikia mara nyingi kuliko nilivyookota mayai,” Bi Perraudin akamjibu. “Una mwingine?”

“Sina, mama.”

“Basi pita.”

Aliwaonyesha mahindi, maziwa yaliyoganda anayowachanganyia, na banda ambamo kuku hukaa wiki za mwisho wapate kunenepa kwa utulivu. Alisema machache. Bertille alisema mengi: kuhusu duka la matandiko, boriti za mwaloni, meza ishirini, divai za wakulima wanaozitengeneza wenyewe. Mama alisikiliza hadi mwisho, akimkuna kuku mmoja shingoni.

“Vizuri,” akasema. “Mpishi ni nani?”

“Huyu hapa.” Bertille akamsukuma Ludivine mbele.

“Sawa. Wewe mwenye divai nimekusikia, lakini na wewe sina shughuli. Wala karatasi sina shughuli nazo. Kuku wangu namkabidhi mpishi, mkono kwa mkono. Wapishi wangu wako watano tu. Nikishapigana kiganja na mtu, ndiyo imetoka, mpaka mmoja wetu afe au aache jiko. Wa sita ameacha jiko mwezi uliopita, magoti yamemshinda. Wapishi wa Lyon wananipigia simu kila wiki wanataka nafasi yake.” Alijifuta kiganja kwenye sketi, akakinyoosha hewani, kimekauka na kupasukapasuka. “Ila kwanza nina swali. Kila mmoja nimemwuliza. Utampikia nani?”

Halikuwa swali gumu. Kwa miezi miwili watu walikuwa wamemwuliza Ludivine kuhusu majiko ya gesi, rangi ya vitambaa, jina la mgahawa, na hakuna aliyemwuliza hilo. Alijaribu kuziona zile meza ishirini. Aliona vitambaa, aliona glasi. Watu walioketi hawakuwa na sura. Alijaribu tena. Badala yake aliona mstari wa makoti madogo kwenye vigingi, aliona pengo kwenye meno ya mbele, alisikia zile kelele za saa sita kamili mlango unapofunguliwa. Kiganja cha mama kilikuwa bado kinangoja hewani. Kupigana naye kiganja kwa uongo, hapana. Angeweza kunyamaza mbele ya Bertille mwaka mzima, lakini mkono haunyamazi: ukiutoa, umesema.

“Siwezi kukupa mkono, Bi Perraudin,” akasema.

Mama hakushusha kiganja mara moja. Bertille akacheka kidogo, kwa wasiwasi.

“Msamehe, mama, ana haya huyu. Tangu shuleni. Ludi, nyoosha mkono tu, hakuumi.”

“Siyo haya.”

“Ni nini basi? Ni kuku? Umeona kasoro?”

“Kuku ni wazuri. Sijaona kuku kama hawa.”

“Sasa?”

“Bertille,” Gaëtan akasema. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. “Mwache aseme. Tangu asubuhi anataka kusema.”

“Kusema nini?” Bertille akageuka, akamtazama mmoja kisha mwingine. “Ludi? Kusema nini?”

Kuku mmoja alipita katikati yao, akachungulia kiatu cha Gaëtan, akaenda zake. Ludivine aliona kwamba macho ya Bertille yameacha kung'aa, na kwamba jambo aliloliogopa tangu Agosti limekwisha kutokea, na yeye bado amesimama.

“Sitaki mgahawa,” akasema. “Sikuutaka tangu siku ile. Nilisema lingekuwa jambo zuri, ukanikumbatia, nikashindwa kukuambia kwamba sikuwa nimesema ndiyo. Na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi. Umeaga kazi yako kwa sababu mimi nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, wala si lako, na nitakwenda nawe kwa mwajiri wako, kwa wakili, popote utakaponiambia twende.”

“Kumbe hata kidogo?” Bertille akauliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. “Hata kidogo hukutaka?”

“Kuwa nanyi nilitaka. Ningependa ufungue, ningekuja kula kila Jumamosi, na ningekufundishia mpishi wako hadi ajue. Lakini mimi siye.” Akavuta pumzi, akamgeukia Bi Perraudin, maana swali lilikuwa lake, kisha akarudi kwa rafiki yake, maana jibu lilikuwa lake. “Unanihurumia, Bertille, unadhani niko pale kwa kuwa sijapata pengine. Siyo. Nawapikia wale watoto. Nikiwa pale sina haya, sina hofu, najua kila mmoja anakula nini na anaficha nini. Sihitaji mtu anitoe. Ndiyo kazi ninayoitaka, na nataka kuendelea nayo.”